Nilivyomtafuta Fundi wa Saa

Kabla sijaja Amerika nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya upili kule milima ya Kisii. Kwa miaka tisa nilifundisha kuja kwa wakoloni, kila muhula wa pili, kwa ramani ile ile iliyochanika upande wa Ethiopia. Yule malkia wa Waingereza ambaye ziwa letu lilibandikwa jina lake nilimjua kama mtu wa mtihani tu: alitawala lini, aliwatuma akina nani, mkataba gani ulitiwa sahihi. Sikuwahi kujiuliza watu wake walikula nini asubuhi, au nani alifua mashuka yao.

Swali hilo lilinipata Takoma Park, kitongoji cha jiji la Washington, nyumbani kwa mzee mmoja kipofu.

Nilifika eneo la Washington mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikimfuata mke wangu ambaye ni muuguzi. Cheti chake kilitambuliwa. Changu cha ualimu kilibaki ndani ya bahasha juu ya kabati. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Riverdale Park, karibu na barabara kuu, pamoja na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Nikasoma kozi fupi ya kutunza wazee, na shirika likanipeleka kwa huyu mzee, siku tano kwa wiki, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

Alikuwa Mzungu mrefu wa miaka themanini na mitatu. Maisha yake yote alikuwa amepanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji mjini, mpaka kompyuta zilipoingia wakamstaafisha. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu na bapa. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe aliishi Ohio, na macho yalikuwa yamemwacha miaka mitano kabla sijamjua. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, yenye mnara mdogo kwenye kona na baraza lililotiwa nakshi kama kitambaa cha kufuma. Siku ya kwanza aliniambia kwa fahari kwamba hiyo nyumba ni ya Viktoria. Nilimpa pole, nikamuuliza kama Viktoria ni marehemu mkewe.

Alicheka mpaka nikamletea maji. Halafu akanieleza kwamba Waamerika hawakuwa na malkia, lakini miaka ile aliyotawala yule wa Uingereza nao waliita kwa jina lake: nyumba za namna ile, fanicha za namna ile, hata adabu za namna ile. Nikasema kwetu tumempa ziwa.

"Ziwa," alisema. "Mimi nina ngazi zinazolia tu."

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa kwa wakati. Lakini juma la pili, baada ya uji wa asubuhi, aliniuliza kama naweza kusoma kwa sauti. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa umejaa vitabu vya miaka hiyo, riwaya nene za Waingereza. Nilichukua alichoniambia, rafu ya tatu, cha nne kutoka kushoto, nikaanza. Sentensi zilikuwa ndefu kama foleni ya ubalozi. Nilijikwaa, nikaomba radhi kwa lafudhi yangu.

"Usiombe radhi," alisema. "Zamani hizo kitabu kilisomwa hivi hivi, mmoja anasoma na nyumba nzima inasikiliza. Kila nyumba ilikuwa na lafudhi yake."

Alinieleza pia kwamba riwaya nyingi za wakati ule hazikutoka kwa mkupuo. Zilitoka vipande vipande, kila mwezi sura mbili tatu, na watu walingoja. Nilielewa maana ya kungoja Ijumaa moja, nilipofunga kitabu saa kumi kamili huku yatima wa hadithi akiwa amesimama mbele ya mlango wa wakili. Nilishuka kwenye basi kituo kimoja mbele ya changu, kwa kuwaza tu atapokewa vipi.

Baada ya hapo nilianza kuuliza. Kwa nini mgeni huyu amekunja kona ya kadi ya jina lake anayoiacha mlangoni? Kwa sababu ameileta mwenyewe, hakumtuma mtumishi. Kwa nini mjane huyu amebadili nguo kutoka nyeusi kwenda kijivu? Kwa sababu muda wa kilio kizito umekwisha, sasa yuko katika kilio chepesi. Mzee alinihadithia juu ya rangi ya kijani iliyopakwa kwenye karatasi za ukutani, nzuri ajabu, na ndani yake mna sumu, watoto wakiugua katika vyumba vyao na hakuna anayejua sababu. Alinieleza jinsi watu walivyojaza karatasi ya barua kisha wakaigeuza na kuandika tena kukatiza mistari ya kwanza, na mpokeaji akasoma pande zote mbili kama anayechambua dengu. Nilikuwa nimefundisha karne hiyo miaka tisa, na hayo yote sikuyajua.

Siku moja nilikutana na neno refu katika maelezo ya sebule ya tajiri mmoja: antimakasa. Nilimuuliza mzee. Akasema ni vitambaa vya kufumwa vilivyotandikwa juu ya migongo ya viti, ili mafuta ya nywele za wanaume yasichafue kochi.

Mama yangu ana vitambaa hivyo. Viko juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio, na juu ya televisheni kipo kimoja chenye umbo la moyo. Nyumba yoyote ya heshima kwetu inavyo, na mgeni akikalia kochi lisilo na kitambaa, mwenye nyumba anaona aibu. Jioni hiyo nilinunua kadi ya simu nikampigia.

"Mama, ninyi mlifundishwa na nani kufuma vile vitambaa vya makochi?"

"Na mke wa mchungaji," alisema. "Naye alifundishwa na bibi Mzungu wa misheni. Kwani vimefanya nini?"

"Havijafanya kitu."

"Mbona unauliza kwa simu ya ng'ambo?"

Nilikuwa nimegundua kwamba nusu ya vitu nilivyovisoma nilikuwa nimelelewa navyo. Chai ya saa kumi yenye maziwa, ambayo hairukwi hata mvua ikinyesha ndani. Suti nyeusi ya shemasi kwenye jua la mchana. Tenzi tulizoimba tukidhani zimetoka kwetu. Nilikuja Amerika nikidhani nitaona mambo mapya, nikajikuta Takoma Park nasomewa nyumba ya mama yangu, na msomaji ni mimi mwenyewe.

Binti yangu hakufurahishwa. Anaelewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hana huruma. Alinikuta mezani na moja ya riwaya za mzee, aliyokuwa ameniazima.

"Baba, hawa si ndio wale waliochukua mashamba? Ulinifundisha wewe mwenyewe."

"Ndio hao hao."

"Sasa mbona unawapenda?"

Nilimwambia sijasema nawapenda. Nikamwambia jirani akikuibia ng'ombe, si ajabu ukataka kujua nyumbani kwake kukoje, analala wapi, anawaambia nini watoto wake. Akafikiri. Akasema labda, lakini mtu wa namna hiyo hatabasamu akichungulia dirishani kwa jirani, na mimi nilikuwa natabasamu. Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi sare yake, alisema, "Mwalimu, hapo umeshikwa."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu sita wapenzi wa zama hizo za malkia walikutana nyumbani kwa mzee. Shirika liliniruhusu kwenda siku hiyo pia, kwa kuwa wageni walihitaji chai na mzee alihitaji mkono wa kushika. Walivaa kofia zenye manyoya, glavu, saa za mnyororo. Waliongoza mazungumzo kwa zamu, kitabu kimoja kwa mwezi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu wa muziki, mwenye sauti nyororo, ambaye kila mara alikuja kama ledi, bibi wa ngome fulani ya kubuni. Nami nilipita na trei. Walinishukuru kwa adabu, na mara mbili tatu mzee aliposahau jambo la kitabu nililotoka kumsomea, nililijibu mimi kutoka mlangoni.

Mwezi wa kumi yule mama alitangaza kwamba Desemba kila mtu aje akiwa mtu wa zama zile, asimame aeleze maisha yake. Halafu akanigeukia. Nasema kweli, alifanya hivyo kwa ukarimu.

"Na wewe usikose. Ungekuwa mtumishi mkuu wa nyumba. Trei tayari unajua kuishika."

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kunikaribisha. Mimi niliinama kidogo kama watumishi wa vitabuni, nikaendelea kumimina. Lakini masikio yalikuwa yanawaka. Halikuwa tusi. Kilichoniuma ni kwamba hata mimi, nilipojaribu haraka haraka kufikiria mtu mweusi wa miaka ile katika sebule kama ile, nilimwona na trei mkononi.

Wageni walipoondoka, mzee alingoja mpaka nikamaliza kuosha vikombe. Kisha akauliza, "Unataka kuwa nani?"

"Sijui walikuwepo akina nani."

"Basi nenda ukaangalie. Mji huu uliwaandika."

Akanieleza juu ya vitabu vya majina ya mji. Kabla ya simu, kila mwaka wachapaji walitoa kitabu kinene kilichoorodhesha wakazi: jina, kazi, mtaa, namba ya nyumba. Alipokuwa mwanagenzi, mafundi wazee kiwandani walikuwa bado wanavisimulia kama wanajeshi wanavyosimulia vita, kwa jinsi herufi zake zilivyokuwa ndogo.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda maktaba ya umma mjini. Mkutubi, dada mmoja mweusi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinionyesha jinsi ya kupachika utepe wa filamu kwenye mashine na kuzungusha gurudumu. Kurasa zikapita kwenye kioo, nyeupe juu ya nyeusi. Nilichagua kitabu cha miaka kama ishirini baada ya vita vilivyomaliza utumwa. Malkia wa ziwa letu alikuwa bado kwenye kiti chake. Katika toleo lile, pembeni ya jina la kila mtu mweusi waliweka alama ndogo, ili msomaji asikosee. Alama hiyo iliyowekwa kwa dharau ndiyo iliyonirahisishia kazi.

Nilisoma kwa kidole. Dobi. Dobi. Mwendesha gari la farasi. Kibarua. Mhudumu wa hoteli. Dobi. Kinyozi. Mwalimu. Kibarua. Mhubiri. Mkunga. Tarishi wa ofisi ya serikali. Dobi. Siku ya kwanza nilitoka macho yakiniwasha, nami nilikuwa bado kwenye herufi ya tatu. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Sikuwa natafuta tena mtu wa kuigiza. Nilitaka tu kujua anayefuata ni nani.

Siku ya tatu nikampata. Alama, jina, kisha: fundi wa saa. Kisha namba ya nyumba na mtaa, mahali ambapo leo ni upande wa chini wa Columbia Heights. Basi, mstari mmoja tu. Jina lake ninalo, lakini sitaliandika hapa, kwa sababu huenda wazao wake wapo na hawajanipa ruhusa.

Nilikaa nikiutazama mstari ule. Fundi wa saa ni mtu anayeletewa kitu cha thamani akifungue, na mwenye mali anaondoka na kumwachia. Wangapi walimwachia? Alijifunza kwa nani? Mkutubi alipita nyuma yangu, akainama kutazama.

"Huyo umemjua?" aliuliza.

"Ndiyo kwanza tumekutana," nilisema.

Akanifundisha kitu ambacho nisingekifikiria: nimfuate mwaka baada ya mwaka. Nikapachika filamu ya kitabu kilichofuata. Yupo, nyumba ile ile. Kilichofuata, yupo. Cha nne, yupo. Cha tano, chini ya jina lake la ukoo kulikuwa na jina la mwanamke, na mbele yake maneno haya: mjane wa fulani, mshonaji. Nyumba ile ile. Ndivyo nilivyopata habari ya msiba, miaka zaidi ya mia baadaye, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Nilijikuta nimevua kofia.

Nilipomsimulia mzee, aliuliza nyumba ilikuwa upande gani wa mtaa. Sikujua. "Kaangalie dirisha linatazama wapi," alisema. "Mafundi wa saa na sisi wapanga herufi tunataka mwanga wa kaskazini. Huku jua hupita kusini, kwa hiyo mwanga wa kaskazini hauhamihami."

Jumamosi iliyofuata nilimwomba binti yangu anisindikize. Alikubali kwa sababu nilimwahidi chakula. Tulipanda treni ya laini ya kijani mpaka Columbia Heights, ambako wakati huo walikuwa wakijenga maduka makubwa na vumbi lilikuwa kila mahali, tukateremka kwa miguu. Nyumba ilikuwepo. Ilikuwa ya matofali, nyembamba, imebanwa na wenzake pande zote mbili, ina kisahani cha televisheni na baiskeli imefungwa kwenye reli ya ngazi. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikiitazama, mpaka mama mmoja mfupi, mwenye aproni, akafungua mlango na kutukazia macho. Akasema jambo kwa Kihispania.

Sikuwa na neno hata moja la lugha hiyo. Nikaanza kutafuta Kiingereza cha polepole, lakini binti yangu alikwisha kuvuka barabara. Nilikuwa nimesahau kwamba Kihispania alikuwa anakisoma shuleni. Alizungumza kwa kusitasita, akihesabu maneno kwa vidole, huku yule mama akimsaidia pale alipokwama. Nilisikia neno linalofanana na "baba", kisha wote wawili wakanitazama.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba amesema baba yake ni mwalimu wa historia, na kwamba mtu aliyekuwa akitengeneza saa aliishi hapa, naye anataka kuona dirisha lake.

Tangu tuje Amerika hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba mimi ni mwalimu. Kwa marafiki zake nilikuwa "anafanya kazi na wazee".

Yule mama alitoka El Salvador. Aliishi pale na dada yake na watoto wao. Alitukaribisha ndani, na kwa kweli hapakuwa na kitu cha kuona. Sakafu ilikuwa mpya, kuta zilipakwa rangi mara nyingi, mahali pa moto pamezibwa na mbao na juu yake pamewekwa picha za ekaristi ya kwanza. Lakini chumba cha mbele kilikuwa na dirisha refu lililotazama barabarani, na jua, ambalo wakati huo lilikuwa nyuma ya nyumba, halikuingia hapo. Uliingia mwanga mtupu, mweupe, uliotulia. Chini ya dirisha kulikuwa na kiti na kikapu chenye suruali ya mtoto iliyochomekwa sindano.

Binti yangu alimuuliza kwa nini anashonea hapo. Yule mama akajibu, binti yangu akatafsiri, na safari hii, bila kujitambua, akatafsiri kwa Kiswahili.

"Anasema hapo uzi unaonekana."

Niliweka mkono juu ya kizingiti cha dirisha. Mbao ilikuwa baridi. Kisha tukashukuru, tukaenda kula.

Sasa nilihitaji koti. Chini ya fleti yetu Riverdale Park aliishi mama mmoja Mkongo aliyeshonea watu nguo za harusi chumbani kwake. Nilimpelekea picha niliyotoa nakala maktaba: mwanamume aliyevaa koti refu jeusi linalofika magotini.

Aliitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. "Papa, hii iko redengoti," alisema. "Kwetu babu yangu alikuwa na foto ya Mubelgiji moja amevaa hivi. Jua kali, na yeye namna hii, boutons zote amefunga mpaka shingo." Akanitazama. "Unaenda kuwa Mubelgiji?"

"Hapana, mama. Fundi wa saa. Mtu mweusi."

"Ah. Ule wa kufanya kazi." Akachukua futi na kunipima mabega. "Basi mikono tutafanya kidogo mifupi. Mutu wa kazi hawezi kuacha manchette ya mukono inaingia ndani ya saa."

Wazo hilo sikulisoma katika kitabu chochote, na naamini ni kweli.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba ilikuwa na theluji nyepesi. Nilimwogesha mzee mapema, nikampigia pasi shati, kisha nikaingia chumba cha nyuma kuvaa. Nilipotoka aliomba kugusa koti. Alipitisha vidole kwenye ukosi, kwenye vifungo, akafika kwenye mikono, akaguna alipohisi ni mifupi. "Huyu mshonaji anajua," alisema.

Wageni walifika saa tisa alasiri. Tulikaa kwa duara karibu na moto. Yule mama kiongozi, akiwa na gauni la hariri ya zambarau, aliniona nimekaa kwenye kiti badala ya kusimama mlangoni. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa kukatiza. Birika lilikuwa mezani, linatoa mvuke. Kila mtu alilitazama.

"Basi," alisema kwa sauti ya chini, "nani atamimina chai?"

Nilikuwa tayari kunyanyuka, kwa mazoea tu, na nusu ya mwili wangu ilikuwa imekwisha kuondoka kitini. Mzee akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Nitamimina mimi," alisema.

Alisimama. Alipapasa ukingo wa meza mpaka akafikia birika, akapima uzito wake. Akachukua kikombe cha kwanza, akatia ncha ya kidole chake kigumu ndani ya ukingo, akamimina polepole, chai ikapanda mpaka ikagusa kidole, akaacha. Alifanya hivyo vikombe vinane. Kwenye kikombe cha tano alimwaga kidogo kwenye sahani, akasema "samahani", akaendelea. Cha kwanza kabisa kilikuwa kimekuja kwangu. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kwetu.

Tulizungumza kwa zamu. Palikuwa na nahodha, na mwanasayansi wa vipepeo, na ledi wa ngome. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema: "Mimi ni fundi wa saa. Naishi katika mji huu, upande wa kusini wa mtaa, na dirisha langu linatazama kaskazini. Katika kitabu wameweka alama kando ya jina langu ili mjue rangi yangu kabla hamjaniletea saa. Watu wanazileta. Mke wangu anashona. Nitakufa kabla kitabu cha tano hakijachapwa. Mengine juu yangu hayakuandikwa, na aliyenitafuta hataki kuyabuni."

Nikakaa. Yule wa vipepeo aliuliza kama kweli mtu huyo aliishi. Nikasema aliishi, na nyumba yake ipo, na leo kuna mama anashona pale pale dirishani. Baada ya hapo hawakuuliza juu ya vipepeo wala ngome. Waliniuliza mimi mpaka giza likaanza kuingia, na mara hii nilijibu nikiwa nimekaa.

Wakati wa kuondoka yule mama alinifuata jikoni. Alikuwa amevua glavu. Alisema alikosea mwezi wa kumi, nami nikasema yameisha. Hakutoka. Alishika kikombe kichafu akakigeuza geuza.

"Mimi kila mara nakuja kama ledi," alisema. "Bibi wa mama yangu alikuja kutoka Ireland. Alifua nguo za watu katika mji huu huu, sijui mtaa gani. Kitabu hicho kinaweza kuwa naye?"

"Kama alikuwa mkuu wa nyumba yake, au mjane, yumo," nilisema. "Madobi wako wengi sana. Itabidi usome kwa kidole."

Juma lililofuata nilikutana naye mbele ya mashine ya maktaba, na mkutubi akitupachikia filamu. Ilimchukua mpaka mwezi wa pili. Alipompata alinipigia simu nikiwa namwogesha mzee, tukaongea kwa kelele, mimi na povu mikononi, mzee akiuliza kutoka kwenye maji, "Mtaa gani? Muulize mtaa gani."

Tangu hapo mikutano ya Jumamosi ilibadilika. Riwaya tuliendelea kuzisoma, lakini kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumtafuta, na hali ya hewa ikiruhusu tulitoka kwenda kutazama mitaa. Yule aliyekuwa nahodha aligundua kwamba ukoo wake uliuza makaa. Binti yangu alikuja nasi mara mbili, akisema anakuja kwa ajili ya chakula.

Na mzee aliacha kutaka riwaya. Nilikuwa nimetoa nakala za kurasa za kile kitabu cha kwanza, naye akaniomba nimsomee mfululizo, kuanzia A. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Nilipomwambia herufi fulani imepigwa kichwa chini alisema, "Huyo aliyepanga ukurasa huo alikuwa na njaa, ilikuwa karibu na saa ya chakula." Alisimamisha majina, akauliza mtaa, akasema yule mwokaji na yule kinyozi lazima walijuana, milango yao inatazamana. Tulisoma kurasa tatu nne kwa siku, majira yote ya kuchipua na ya joto.

Majira ya majani kuanguka yalipofika, mwanawe alikuja kumchukua kwenda Ohio. Nilifunga nguo zake kwenye masanduku mawili. Asubuhi ya mwisho tulikuwa kwenye herufi H. Nilimsomea dobi mmoja, na mwendesha gari la farasi mmoja, na mjane mmoja ambaye mbele ya jina lake hakuna kazi iliyoandikwa.

"Rudia huyo," alisema.

Nikarudia.

Vidole vyake viligonga mkono wa kiti. "Lazima alikuwa na kazi," alisema, kisha akaniomba koti lake.